Ni Ugonjwa Tu, Baba

Jana jioni nilikuwa nakata vitunguu, na mwanangu, ambaye siku hizi hakuna kinachompita bila kuulizwa, akasimama mlangoni mwa jiko akinitazama. "Mama, unalia kwelikweli au ni vitunguu?" Nikamjibu kwamba ni vitunguu. Akaridhika, akarudi uani kucheza. Mimi nikabaki nimeshika kisu, kwa kuwa swali la namna hiyo niliwahi kulijibu kwa niaba ya mtu mwingine, na nililijibu kwa haraka ileile.

Baba alipata kiharusi wakati wa kuvuna uwele. Presha alikuwa nayo kwa miaka mingi, na dawa alizimeza siku alizojisikia vibaya tu. Upande wote wa kulia ulilala, na maneno yakaondoka, kwa sababu kwa watu wengi usemi hutegemea upande wa kushoto wa ubongo, ambao ndio pia unaouongoza mkono wa kulia, hivyo pigo moja linaweza kuchukua vyote viwili. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyebakiwa na silabi moja, "tan". Baba alibakiwa na "mbukwa", salamu yetu Wagogo. Alisema mbukwa akitaka maji, mbukwa akiumwa, mbukwa akikataa chakula.

Kilichotushinda nyumbani hata hivyo hakikuwa ukimya wake, bali kilio. Mtu ambaye hakutoa chozi alipomzika mama yake alilia mgeni alipobisha hodi, alilia ufagio ulipoanguka, na kwenye msiba wa baba mdogo, kule Bahi, alicheka kwa sauti wakati udongo unaanza kushuka kaburini. Shangazi alimfunika uso kwa kanga. Watu wakaanza kusema yao, wengine uchawi, wengine dhambi za siri.

Tulimpeleka hospitali moja mjini Dodoma, na daktari kijana akatuchorea ubongo nyuma ya karatasi ya vipimo. Chini, kwenye shina la ubongo, ndiko zinakotoka amri za misuli ya uso, koo na pumzi, na huko ndiko kilio chenyewe kinakoundwa. Juu, kwenye tabaka la nje, ndiko kunakopimwa kama kitoke na kwa kiasi gani. Njia zinazoteremka kutoka juu zikiharibiwa na kiharusi, kilio au kicheko huanza chenyewe, kama gari lililoegeshwa mlimani likaachia breki. Baadaye nilisoma kwamba jambo hili si geni hata kidogo. Charles Darwin aliandika mwaka 1872 kwamba watu waliopooza upande mmoja huwa wepesi wa kulia, na mwaka 1924 daktari Kinnier Wilson wa London alijaribu kueleza njia zinazohusika. Siku ile lakini sikuhitaji historia. Nilihitaji ile karatasi, na nilizunguka nayo kwa ndugu wote, nyumba kwa nyumba, nikiwaeleza kwamba Baba hajarogwa na wala hana dhambi anayoificha. Naamini bado kwamba nilifanya vema.

Kisha ikaja jioni ya shamba la zabibu. Shamba hilo alilipanda mwenyewe kabla sijazaliwa, na tulikuwa tumeliuza kulipia matibabu. Kaka zangu waliona kwamba mimi ndiye wa kumwambia. Alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya mkwaju, nami nikimlisha ugali wa uwele kwa mlenda, kwa kuwa mlenda uliteleza na haukumpalia. Nikamwambia tulivyouza, na kwa nani. Akaacha kutafuna. Akatazama upande wa shamba, ambako kulikuwa kumeanza kuingia giza. Ulianza kutetemeka mdomo, upande ule mmoja uliokuwa ukimtii, kisha bega, kisha sauti ikatoka.

Nikafanya nilivyojifunza. Niliweka sahani chini, nikamfuta machozi kwa pindo la kitenge, nikamwambia kwa upole kabisa, "Ni ugonjwa tu, Baba. Si wewe unayelia."

Mkono wake wa kushoto ukainuka ukanikamata kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vigumu, vya mtu aliyepogoa mizabibu maisha yake yote, na sikutegemea kwamba bado vilikuwa na nguvu kiasi kile. Akatikisa kichwa mara moja, polepole, kulia na kushoto. "Mbukwa," akasema. Kisha tena, kwa sauti ya chini zaidi, "Mbukwa." Nami nikaanza kumsimulia habari za mbuzi, kwa kuwa daktari alisema kwamba kumgeuzia mgonjwa mawazo husaidia kukikatiza kilio cha namna hiyo, ambacho kwa kawaida hukoma ghafla kama kilivyoanza. Hakikukoma. Mbuzi walirudi, wakaingia zizini, na Baba alikuwa bado analia.

Miaka imepita, na nimejifunza kwamba mambo hayatengani kama yalivyotengana kwenye ile karatasi. Kwa wagonjwa wengi kilio huwashwa na jambo linalowagusa kwelikweli. Huzuni ni yao, kilichoharibika ni kipimo chake. Lakini wiki ileile alililia pia ule ufagio, kwa hiyo siwezi kusimama nikasema kwamba najua. Baadaye alipewa dawa za sonona kwa dozi ndogo, kwa kuwa hupunguza kilio hicho hata kwa asiye na sonona, na zilimsaidia. Mwezi wake wa mwisho alimpokea mjukuu mchanga mapajani akiwa na macho makavu, na nilijikuta nayangoja machozi yake.

Nilipomaliza vitunguu jana nilimwita mwanangu, nikamwambia kwamba pengine yalikuwa yote mawili. Akaniuliza mtu anajuaje. Nikamvutia kigoda, akakaa.