Kozi ya CNA Marekani, mambo ya kujua kabla hujalipa

Jamani mnaoulizia kozi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi mwenye cheti, huku Marekani, sheria ya serikali kuu inataka angalau masaa 75 ya mafunzo, na humo lazima yawemo angalau 16 ya vitendo ukiwa unasimamiwa, ila majimbo mengine yanaongeza, California kwa mfano ni 160, kwa hiyo cheki jimbo lako kwanza. Na kama nyumba ya wazee imeshakuajiri hairuhusiwi kukutoza ada ya kozi, hili wengi hawalijui wanaishia kutoa hela zao bure, inaniuma kweli.

Mimi kinachonigusa ni vitendo vyenyewe. Kumvalisha mtu aliyepooza upande mmoja unaanza na ule mkono dhaifu, kumvua unaanza na ule wenye nguvu, na muda wote unaongea naye, "mama sasa nainua mkono wako", pazia umevuta, umemfunika asibaki wazi, maana ni mtu mzima yule na ana heshima yake. Kwenye mtihani kunawa mikono kunapimwa pia, sugua sekunde 20 vidole vikiangalia chini. Na breki za kiti cha magurudumu funga kabla hujamhamisha mtu, kila mara, hata ukiwa na haraka.