Intaneti mlimani: washa, tuma, zima

Kinachomaliza chaji porini si kioo wala kamera. Ni simu inayohangaika kutafuta mnara. Ikiwa mbali na mnara huongeza nguvu ya kurusha mawimbi ili isikike, na mtandao ukikatika kabisa huanza kuyapitia masafa yote upya, tena na tena, huku wewe unadhani imelala mfukoni. Kwa hiyo weka hali ya ndege muda wote, mtandao uuwashe pale tu unapoamua wewe.

Hofu ya wengi ni kwamba hali ya ndege itaua ramani. Haiui. GPS hupokea tu mawimbi ya setelaiti, haitumi kitu. Tatizo ni kwamba bila data simu haiambiwi setelaiti ziko wapi, hivyo kujipata mara ya kwanza huweza kuchukua dakika kadhaa badala ya sekunde. Fungua ramani mwanzo wa njia, mtandao ukiwa bado upo na anga iko wazi, ngoja kidoti kitulie, ndipo uzime mtandao.

Ramani yenyewe ipakuliwe nyumbani. Programu za ramani za OsmAnd na Organic Maps zinafaa kwa sababu zinaonyesha vijia vya miguu. Google Maps nje ya mtandao haitoi maelekezo ya kutembea. Kisha ijaribu: weka hali ya ndege, funga programu, ifungue tena, vuta karibu eneo la mwisho wa safari. Ukiona miraba mitupu, hukupakua, uliitazama tu.

Sasa mtandao. Bondeni usijisumbue; mwamba ukikaa kati yako na mnara, hakuna mpangilio wa simu utakaousogeza. Washa ukiwa mgongoni mwa mlima au kwenye uwazi unaotazama makazi, simama, ipe dakika mbili. Mara nyingi utaona vijiti viwili na ukurasa haufunguki. Vijiti hupima mnara unavyosikika kwako, havisemi kama mnara unakusikia wewe, na simu ina sauti ndogo kuliko mnara. Hapo jaribu kuchagua mtandao wa zamani kwenye mipangilio, 3G au 2G, pale ambapo bado haujazimwa. Utaenda polepole, lakini utaenda.

Ikishindikana, acha data uandike meseji ya kawaida. Ile ya herufi 160 hupita kwenye njia ya mawasiliano ya ndani ya mtandao, haihitaji data, na hufika hata pale picha isipopita. Iandike kabla hujawasha: mahali ulipo kwa tarakimu za GPS, saa, unakoelekea. Na zima mapema masasisho na uhifadhi wa picha mtandaoni, la sivyo ndivyo vitakavyokula dakika zako mbili. (Makundi ya soga nayo yana tabia hiyohiyo.)

Kuhusu pawabenki, namba ya kwenye boksi inadanganya kidogo. 10,000 mAh hukokotolewa kwa volti 3.7, yaani wati-saa 37 (kipimo cha nishati iliyomo). Betri ya simu ya 4,000 mAh ina kama wati-saa 15. Kwenye karatasi ni karibu mara mbili na nusu. Toa kinachopotea kuwa joto, tegemea chini ya mara mbili. Beba waya mfupi, na wa akiba, maana waya ndio huharibika kwanza. Tundu la chaji likilowa, simu nyingi hukataa kuchaji hadi likauke. Liangalishe chini, lipate hewa, usichomeke kijiti.

Baridi ni kisa kingine. Simu inaweza kuzimika ikiwa bado inaonyesha asilimia 20, ukaipasha moto mwilini ikawaka tena. Iweke mfuko wa ndani, usiku ilale nawe kwenye begi la kulalia pamoja na pawabenki. Usichaji betri iliyo chini ya nyuzi 0: lithiamu huganda juu ya elektrodi kama utando, na uwezo uliopotea hivyo haurudi.

Kuna simu zinazotuma ujumbe wa dharura kwa setelaiti, iPhone kuanzia toleo la 14 la mwaka 2022 zikiwemo, ila si katika kila nchi. Pia zinataka anga wazi: chini ya miti yenye majani machache au ya wastani ujumbe wa sekunde 15 huweza kuzidi dakika, na chini ya majani mazito huenda usiende kabisa. Tafuta uwazi kwanza, ndipo uielekeze simu inakokuonyesha.