Siku Yangu na Wanaoanza Jujitsu

Saa kumi na moja alfajiri, kabla Nairobi haijaanza kupiga honi, huwa nimeshainama kusugua mikeka ya ukumbi wetu wa jujitsu ya Kibrazili, mchezo wa kukabana na kukunjana viungo, kwa maji na dawa. Napita kila ukingo, maana mwanafunzi mmoja mwenye choa anaweza kuwaambukiza wenzake wengi kabla hajajitambua.

Darasa la saa kumi na mbili huwa la watu wa ofisini, nalo huisha salama. Mchana nafua sare na kulala kidogo. Leo jirani amenikuta nikianika, akaniuliza tena iwapo nawafundisha vijana kupiga ngeta, nami nikamweleza tena kwamba mpiga ngeta humvizia mtu asiye na habari akamkaba koo, ilhali huku kila anayekabwa hugonga mwili wa mwenzake au mkeka kuonyesha amesalimu amri, akaachiwa papo hapo. Mchezo wote umesimama juu ya huko kugonga. Ndiko kunakomwezesha msichana wa kilo 55 kupambana kwa dhati na mwanamume wa kilo 90, kisha wote wawili wakarudi kwao wazima.

Saa kumi na mbili na nusu jioni ndipo siku iliponielemea. Mwanafunzi mmoja wa mkanda mweupe, aliye katika wiki ya tatu na mwenye kifua kilichojengwa kwa vyuma, alikataa zoezi la kulala chali, kukanyaga chini na kurusha nyonga nyuma kama kamba wa baharini anavyojikunja. “Mwalimu, sikulipa ada nije kutambaa,” alisema. Nilimweleza kwamba nyonga hufungua nafasi ambayo mikono haiwezi kuifungua. Hakusikia. Alipokaliwa kifuani na msichana mmoja wa darasa, alimsukuma kwa mikono iliyonyooka, kosa ambalo karibu kila anayeanza hulifanya. Msichana yule alikumbatia mkono mmoja, akapitisha mguu juu ya uso wake, akalala nyuma, akaanza kuinua nyonga taratibu. Nilikiona kiwiko kimenyooka na kidole gumba kikitazama dari, na mwenye mkono amekaza meno wala hagongi. Msichana alinitazama. “Achia!” nikasema, naye akaachia.

Kiwiko kilikuwa kizima, lakini mabishano yalituchukua muda mrefu huku darasa zima likisubiri. Yule mwanafunzi alinikumbusha kwamba Hélio Gracie, mmoja wa waasisi wa jujitsu ya Kibrazili, hakugonga pale mwanajudo wa Japani Masahiko Kimura alipomkunja mkono mjini Rio de Janeiro mwaka 1951. “Ndugu yangu, ni kweli,” nikamjibu, “lakini upande wa Hélio ulitupa taulo kumwokoa, na mbinu ile mpaka leo tunaiita kimura, kwa jina la aliyeshinda.” Alichukua mkoba wake, akatoka bila kuaga.

Tuliendelea. Nilirudia kutoroka chini ya aliyekukalia, viwiko vikibana mbavu, mara ngapi sijui, nikipita kwa kila jozi na kusogeza goti moja baada ya jingine kwa mkono wangu, hadi sauti ikakauka. Msichana yule alibaki hadi mwisho akimwelekeza mgeni wa siku ya kwanza, na kumwona hivyo kulinifurahisha kuliko ushindi wangu wowote.

Sasa ni usiku. Vidole vimevimba kwa kushika sare, na kukamua kitambaa cha deki kunauma. Pembeni mwa mkeka nimeukuta mkanda mweupe alioufungua kwa hasira. Nimeukunja, nikauweka juu ya kabati la mlangoni, mahali atakapouona akirudi.