Njiti za Shangazi

Mwaka wa 2003 nilikuwa kidato cha pili katika shule moja huku Eastlands, Nairobi, na wiki moja tulirudishiwa insha mbili. Ya Kiswahili nilipata 16 kwa 20. Ya Kiingereza nilipata 6. Mwalimu alikuwa amezungushia koma zangu kalamu nyekundu, karibu kila mstari, hadi karatasi ikawa kama mtoto mwenye surua. Chini aliandika "run-ons", yaani sentensi zisizokatwa panapostahili, basi. Darasa letu lilikuwa na wanafunzi zaidi ya hamsini, kwa hiyo simlaumu sana. Kidogo namlaumu.

Nilifikiri kosa ni urefu. Nikakata maneno hapa na pale, nikampelekea Shangazi, tuliyekuwa tukiishi naye Kaloleni. Alikuwa mpiga chapa mstaafu, amechapa barua za wakubwa wa ofisi miaka mingi, na nyingine, kwa maneno yake, alizirekebisha kimyakimya. Akasoma kwa sauti:

"I woke up, I washed my face, I ran to the stage, the matatu had left."

Akacheka hadi akavua miwani.

"Hiki ni Kiswahili umekivalisha suti. Hebu niambie hayo kwa lugha ya mama yako."

"Niliamka, nikanawa uso, nikakimbia stejini, nikakuta matatu imeondoka."

"Umesikia hizo ka, ka, ka? Ndizo gundi. Waingereza hawana. Ukiziondoa, unabaki na koma peke yake, na koma yao haina nguvu hiyo."

Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia hivyo, wa Kiswahili wala wa Kiingereza.

Akachukua kiberiti, akamwaga njiti mezani. Akaniambia nisome hadi nimpate mtenda na kitendo chake, kisha nijiulize: nikikata hapa, maneno ya kushoto yanasimama yenyewe? Na ya kulia? Yakisimama yote mawili, niweke njiti katikati. Niliweka tatu. Urefu haukuwa na neno. Alinionyesha kwamba "I ran, I fell" ina maneno manne tu na bado ni kosa lile lile.

Kila njiti ilitaka dawa yake. Nukta ndiyo rahisi. Nuktamkato (;) ipo, ila Shangazi alinikataza kuigusa kwanza. Koma inaruhusiwa ikishikwa mkono na "and", "but" au "so". Au upande mmoja unauvunja miguu kwa "when" au "because", usiweze kusimama tena bila mwenzake. Tulihangaika hadi tukapata:

"When I woke up, I washed my face and ran to the stage, but the matatu had left."

Kilichonitesa zaidi ni "however". Niliandika "The rain was heavy, however we played", nikiona ni "but" ya watu wasomi.

"Huyo ana sauti nene tu," Shangazi akasema. "Hawezi kuunganisha. Kabla yake weka nukta, baada yake koma."

Insha iliyofuata niliijaza nukta kila mahali. Mwalimu akalalamika kwamba inasomeka kama telegramu. Nilipata 11, nikaitembeza nyumba nzima.

Jumamosi ile nilikuta kikaratasi mezani, mwandiko wa Shangazi: "Nenda dukani, leta maziwa, chenji usile." Nikachukua njiti mbili, nikazipanga juu ya zile koma, nikakaa kumngoja.

Akaja, akatazama.

"Hicho ni Kiswahili, mwanangu. Lete njiti zangu niwashe stovu. Na maziwa yako wapi?"