Saumu ya saa 19, na jirani yangu wa jikoni

Ramadhani ya mwaka 2016 ilinikuta Wageningen, Uholanzi, nikisomea udongo. Tulianza kufunga tarehe 6 Juni. Kwetu Tanga mwezi huo jua huzama saa 12 na robo hivi, na kabla hujachoka kusubiri, adhana imeshalia. Kule lilikuwa likizama karibu saa 4 usiku. Usiku wenyewe hauingii giza kamili, mwanga unabaki upande wa kaskazini kama taa iliyosahauliwa, hata misikiti ikawa inatofautiana katika kuhesabu alfajiri. Ratiba niliyoifuata ilinitaka niache kula kabla ya saa 9 usiku. Hesabu mwenyewe: saa 19.

Siku tatu za mwanzo nilizifunga kwa ubishi tu. Saa 4 nakula wali sahani nzima, nalala fofofo, daku inanipita. Kesho yake saa 8 mchana kichwa kinanigonga, macho yanakwepa mwanga, na baiskeli ya kutoka maabara hadi bweni naiona ndefu kama safari ya Korogwe. Siku ya tatu niliketi jikoni nikalia. Sikulia njaa. Nilikuwa nimemkumbuka mama akipuliza jiko la mkaa, na watoto wamekaa mkekani wakiulizana kama adhana bado.

Jirani yangu ndiye aliyenikuta. Ni Mwindonesia wa Semarang, mji wa kisiwa cha Java, tulikuwa tunatumia jiko moja na wenzetu wengine kumi. Mimi nilimwita Mbak, ambalo kwa Kijava ni dada. Yeye akapenda kuniita Dada. Ulikuwa mwaka wake wa pili pale, mfungo wake wa pili wa namna hiyo. Hakunipa pole nyingi. Alivuta kiti akaniuliza, "Dada, unalala saa ngapi?" Nilipomjibu akatikisa kichwa. Kosa langu, alisema, ni kutaka usiku uwe usiku.

Tukaupanga upya. Saa 4 tunafuturu kwa tende, maji na bakuli dogo la kitu cha moto, basi. Tunaswali Magharibi. Chakula chenyewe kinangoja mpaka baada ya Isha, ambayo inakaribia saa 6. Hatulali. Maji tunakunywa glasi mojamoja, kila mtu na chupa yake mezani, tunasoma au tunazungumza. Saa 8 na nusu daku, kisha alfajiri, kisha kitanda mpaka saa 3 asubuhi. Nilikwenda kwa msimamizi wangu nikamwomba nianze kazi za maabara saa 4, na alikubali bila maswali. Nilijilaumu kwa kuogopa kumwambia siku zote zile. Mchana nilisinzia nusu saa. Chai ya rangi, ambayo nadhani ndiyo iliyokuwa ikiniumiza kichwa, nikaipunguza mpaka kikombe kimoja, nacho kwenye daku.

Kwenye daku Mbak alinilisha tempe. Ni soya zilizochemshwa na kumenywa, zikachanganywa na hamira yake ya ukungu na kufungwa kwenye mfuko uliotobolewatobolewa, zikakaa penye joto siku moja au mbili mpaka zikashikana kuwa tofali jeupe. Aliiweka kabatini penye bomba la maji ya moto. Mara ya kwanza harufu ilinishinda. Ilipokaangwa na kitunguu saumu na chumvi nikala vipande sita, na siku hiyo njaa ilinipata saa 11 jioni badala ya saa 6 mchana. Tangu hapo sikuibishia tena.

Lakini kilichonirudishia Ramadhani yangu ni lile bakuli la saa 4. Jioni moja aliniita nionje kolak: ndizi na viazi vitamu vilivyopikwa kwa tui la nazi na sukari ya mnazi, na jani la kunukia ndani yake. Kijiko cha kwanza nikakiweka chini. Ilikuwa futari ya viazi ya nyumbani kwetu! Sisi tunatia iliki, wao jani lao, tofauti imeishia hapo. Kesho yake nilipanda baiskeli mpaka kwenye duka la Waasia, ambalo Waholanzi wenyewe huliita toko, kwa neno la huko huko Indonesia, nikanunua mihogo ya barafu, mizuzu na tui la kopo. Nikampikia mihogo ya nazi kwa chumvi. Alishangaa kwamba haina sukari, lakini bakuli alilirudisha tupu. Ikawa zamu: leo yake ya sukari, kesho yangu ya chumvi.

Kungoja kule jikoni, jua bado limening'inia saa 3 usiku, ndiko kulikotuzungumzisha. Tulihesabu maneno: waktu na wakati, kabar na habari, miskin na maskini. Wao husema buka puasa, yaani kufungua saumu, na mama yangu naye husema tunafungua. Alinieleza kuwa Waindonesia waliunda chama chao cha wanafunzi Uholanzi tangu mwaka 1908, na kwamba Mohammad Hatta, aliyekuja kuwa makamu wa kwanza wa rais wao, alikiongoza alipokuwa akisoma Rotterdam. "Tumezoea kutamani nyumbani tukiwa hapa," alisema, akikoroga sufuria.

Idi ilikuwa tarehe 6 Julai. Asubuhi alipiga simu ya video kwao, akasimama mbele ya simu kama aliyesimama mbele ya wazee, akalia. Alipokata, akanigeukia akanishika mikono miwili: mohon maaf lahir dan batin. Sikuhitaji tafsiri. Lahir ni dhahiri yetu, batin ni batini. Alikuwa akiniomba msamaha wa yanayoonekana na yaliyofichika, na mimi nikamwomba wangu kwa Kiswahili.

Jioni ya pili ya Idi nilikwenda jikoni saa 4 kasoro kwa mazoea tu. Nikamkuta amekwisha kufungua kopo la tui.