Chozi wa jioni pale Kisiwani

Kutoka Muheza hadi Kisiwani, chini ya msitu wa Amani, nilitozwa nauli ya pikipiki maradufu, eti kwa sababu ya tope. Godoro la nyumba ya wageni lilibonyea katikati hadi ubao unagusa mgongo. Siku mbili za msituni nitaziruka, maana kilichonishika kilikuwa mpapai dume nyuma ya jiko.

Saa 12:50 jioni mwenyeji alisema, "Tazama, chozi anakunywa," yaani yule ndege mdogo anyonyaye maua. Kwa ukubwa hakukosea sana. Chozi mdogo wa kijani mwenye tumbo la njano (Hedydipna collaris) ana urefu wa sentimita 10 hivi, na mabawa ya nondo wa viazi vitamu (Agrius convolvuli) yakitandazwa hufika sentimita 12. Lakini saa hiyo chozi amekwisha lala. Tena kwa kawaida chozi hushika kikonyo kwa miguu ndipo anywe, na ua refu hulitoboa chini akaiba mbochi, yaani maji matamu ya ua, bila kuchavusha. Huyu alikuwa nondo: alisimama hewani, akateremsha mrija uliozidi sentimita 8 ambao mwanzoni ulikuwa umekunjwa kama springi ya saa. Kiunoni alikuwa na mistari ya waridi.

Ukitaka kumwona, simama mita 2 kutoka mpapai dume, wala si jike. Maua dume yana mbochi, hivyo nondo hukaa hapo kidogo. Ua jike halina kitu, nondo hudanganyika na harufu, anagusa na kuondoka. Mguso huo ndio unaoacha chavua. Funga tochi kwa karatasi nyekundu, maana mwanga mweupe humvuruga. Ukimkamata, usimshike mabawa: unga wake ni magamba, na hayaoti tena.

Chozi hulisha makinda wadudu, viwavi wadogo wakiwemo. Nondo mzima hanywi ila vimiminika, ila kiwavi wake hutafuna majani ya viazi, na bundo, hatua kati ya kiwavi na nondo, hulala udongoni, mrija ukijitokeza kama mkono wa jagi. Jembe hulifukua mara nyingi.

Nyumbani Morogoro tunakata mipapai dume kwa kuwa haizai. Majike hubaki yakiangusha maua, halafu tunalaumu mbegu. Achia dume mmoja kwa majike 10, na dawa ya wadudu usiipulize jioni maua yanapofunguka.