Rostow na mkonge wetu

Juzi hapa Ngamiani, Tanga, mpwa wangu wa kidato cha sita alikuwa anakariri hatua tano za maendeleo za Walt Rostow, mchumi wa Marekani, kuanzia jamii ya kijadi hadi watu wengi kumudu kununua wanachotaka. Akaniuliza: "Mjomba, kwani huyu mtu alifanya nini kingine?" Swali hilo lilinifurahisha mno!

Alizaliwa New York mwaka 1916, mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Urusi. Akasoma Yale na Oxford. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alisaidia kuchagua shabaha za mabomu Ulaya, na mimi naona yaliyofuata yalianzia pale. Kitabu chake cha 1960, chenye hatua hizo tano, kilimpa sifa kubwa. Rais Kennedy akamwita Ikulu mwaka 1961, kisha mwaka 1966 Rais Johnson akamfanya mshauri wa usalama wa taifa. Akashikilia kuipiga mabomu Vietnam Kaskazini hata McNamara, waziri wa ulinzi, alipoanza kusita. Alipotoka serikalini 1969, chuo kikuu cha MIT alikokuwa profesa hakikumpokea tena, akaenda kufundisha Texas. Alifariki 2003.

Sisi wa Tanga tuna la kumuuliza. Reli tulikuwa nayo tangu enzi za Mjerumani, bandari ipo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika iliongoza dunia kwa mkonge. Kwa hatua zake tulikuwa tunakaribia kupaa, yaani hatua ya tatu, uchumi unapoanza kukua kwa kasi. Zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka, mashamba yakageuka vichaka. Hatua yake ipi inamweleza mkata mkonge ambaye bei ya jasho lake inapangwa ng'ambo?